Jumamosi Tatu za Pipa

Kila Jumamosi mume wangu alikuwa na mke wa pili, na mke huyo alikuwa pipa. Jumamosi ya mwisho ya amani nilimwambia hivyo usoni. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nyumbani hakuna maji, naye amevaa shati safi kwenda kuhudumia divai ya watu.

"Deo, maji je?"

"Nikitoka kwa pipa."

"Pipa, pipa! Litakuzalia?"

Akacheka. Deo alicheka kwa pua, bila sauti. Akachukua nyundo yake ya mbao akateremka ghalani, nami nikajitwisha ndoo huku nikinung'unika njia nzima hadi chemchemini.

Ghala lilikuwa chumba cha matofali chini ya nyumba ya mapadiri, chenye baridi hata saa sita mchana, maana parokia yetu ilikuwa mlimani, Kivu ya Kusini, mwendo wa siku nzima kwa miguu hadi Bukavu. Deogratias wangu alikuwa sakristani. Alipiga kengele, alifua nguo za altare, alizima mishumaa. Lakini kazi aliyojivunia ni ile ya pipa.

Lilikuwa pipa la mwaloni, likijaa linapita lita mia mbili. Lilitoka Italia, kwao Padiri Renzo, paroko wetu. Baba yake ndiye aliyeanzisha kiwanda cha divai cha familia, akiwa na mashamba mawili ya mizabibu na punda mmoja; habari hiyo tuliisikia kila Noeli. Ndugu zake wakabaki na zabibu, yeye akaja kutubatiza. Tulipoanza kujenga kanisa jipya, mzee akamtumia mwanawe pipa zima la divai nyekundu, ikomae humohumo ndani ya mwaloni, tuinywe siku kanisa litakapowekwa wakfu. Lilipanda meli, likapanda lori, na kwenye mlima wa mwisho wanaume kumi na wawili walilisukuma juu ya magogo, wakiimba na kutukana. Jina la ukoo wao lilikuwa limechomwa kwa moto kwenye ubao wa mbele. Sitaliandika hapa. Wao wana mawakili, mimi nina miguu inayovimba.

Mbao hunywa, ndivyo Padiri alivyotufundisha. Pipa la mwaloni halikai limejaa. Kila wiki linameza kidogo, ile nafasi inayobaki juu inashika hewa, na hewa ikikaa na divai huigeuza siki. Kwa hiyo kila Jumamosi Deo aligonga kizibo, akakitoa, akamimina divai ya chupa kutoka kiwanda kilekile mpaka ikafurika, akafuta kwa kitambaa cheupe, akaziba tena. Huko ndiko kujaliza. Ni kazi ya robo saa, lakini yeye ilimla asubuhi nzima, kwa sababu baadaye alilizunguka pipa akiligonga kwa kidole na kusikiliza. Pipa lililojaa halijibu, alisema. Tupu ndilo linalovuma.

"Hayo ya debe tupu wahenga walishayasema," nikamwambia, "na hawakwenda Italia."

Vita tulikuwa tumevisikia redioni kwa miezi, vikitajwa pamoja na miji ya watu wengine. Jumanne vikafika kwenye daraja letu. Jumatano asubuhi magari mawili yakaja kuwachukua mapadiri wa kizungu. Wakubwa wao walikuwa wameamuru waondoke wote. Padiri Renzo alilia, sitamsingizia. Alitubariki barazani, akaingia garini, na gari lilipoanza kutembea akatoa kichwa dirishani.

"Deo! Pipa! Jumamosi usisahau!"

"Sitasahau, Padiri."

Neno hilo nimelitafuna miaka yote. Nadhani mzee wa watu hakuwa na la kusema. Unawaacha watu wote wale mbele ya bunduki, utasema nini dirishani? Utasema la pipa, kama msafiri anavyosema msisahau kulisha kuku. Angeweza kusema lipasueni, mnywe, mkimbie. Hakusema. Na mume wangu nilimjua: padiri akishasema, kwake amesema Mungu. Hasira yangu inaanzia hapo kwenye dirisha la gari, na mpaka leo haijaisha.

Jioni ileile tulipanda msitu wa mianzi juu ya parokia, familia nyingi pamoja. Watu walibeba magodoro, cherehani, mbuzi. Mimi nilibeba sufuria na nguo za mtoto atakayezaliwa. Deo alibeba gunia la unga begani, na ndani ya unga alikuwa amefukia chupa tatu za divai ya kujalizia. Niliziona tulipofungua gunia. Nilimtukana mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye akazipangusa unga moja moja, akazificha chini ya majani.

Jumamosi ya kwanza alishuka alfajiri na chupa moja, akarudi saa sita. Askari walikuwa wamelala shuleni, mlango wa ghala umefichwa na kuni, hawajauona. Pipa liko salama. Watu waliomwita mwendawazimu asubuhi walimzunguka wakimuuliza habari: kanisa limesimama? Nyumba yangu je? Ng'ombe wa fulani? Nilimwona anavyojibu, kifua mbele, nikajua amekwisha kunogewa.

Katikati ya wiki malaria ikamwangusha. Jumamosi ya pili ilipopambazuka alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na bado anatafuta viatu vyake kwa kupapasa.

"Lala," nikasema. "Nitakwenda mimi."

"Feza, na hiyo mimba?"

"Mwanamke mwenye mimba nani atamshuku? Nikikutwa nitasema nimekuja kutafuta dawa."

Na dawa nilikuwa naitaka kweli. Mapadiri walikuwa na sanduku la dawa, na nilikwenda kwa ajili ya sanduku hilo. Chupa ya divai niliibeba kwa sababu alinitazama mpaka nikaibeba.

Njiani sikukutana na mtu. Hata mbwa.

Kuni zilikuwa zimetawanywa.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi.

Nilisimama nikasikiliza. Sauti zilikuwa mbali, upande wa shule, watu wanacheka. Nikaingia. Harufu ya divai ilinipiga mpaka nikashika ukuta. Ardhi ilikuwa nyeusi, imelowa, viatu vinang'ang'ania. Pipa lilikuwa limesimama palepale, na chini kwenye ubao wa mbele kulikuwa na matundu manne ya risasi. Walikuwa wamekinga wakanywa, na kilichowashinda wakakiacha kimwagike.

Niligonga kwa kidole, sijui kwa nini. Macho yalikwishaona. Likavuma.

Sanduku la dawa halikuwepo. Nikatoka.

Kupanda mlima kulinichukua saa tatu, na saa zote tatu nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nikimwambia limekwisha, nilijiuliza, atafanya nini? Nilimjua. Angenyanyuka na homa yake akaone kwa macho yake, akapige magoti mbele ya matundu yale. Homa ingemuua, au askari. Basi nikasema nimfiche mpaka apone. Tukishuka kwenda ziwani kutafuta mtumbwi, na watu walikuwa wakisema tutashuka siku yoyote, pipa litabaki nyuma na habari yake itakufa huko. Karibu na msitu nikafungua ile chupa, nikamwaga nusu kwenye majani, ili inishuhudie.

Alikuwa macho. Hakuniuliza kama nimekutana na askari. Aliuliza, "Limejaa?"

"Limejaa. Limemeza nusu chupa."

Akafumba macho. "Aksanti, mke wangu." Usingizi ukamchukua, wa kwanza baada ya siku nne. Niliketi pale nikiitazama nusu chupa na kujiona nina akili.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya siku saba. Watu hawakushuka ziwani. Barabara ilikuwa imefungwa. Na Deo, badala ya kubaki mgonjwa wiki mbili kama wanaume wengine, alipona Alhamisi. Ijumaa alikuwa anapasua kuni.

Jumamosi alfajiri nilifungua macho nikamkuta anafunga kamba za viatu.

"Deo, leo acha."

"Kwa nini?"

"Acha tu. Nimeota vibaya."

Sikuwa nimeota kitu. Neno moja tu lingetosha. *Tupu*. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini aliniangalia kwa uso ule wa shukrani aliokuwa nao tangu wiki iliyopita, uso wa mtu aliyeoa vizuri, nikaona haya. Haya, jamani! Mtu anakwenda penye bunduki, mimi naona haya.

"Wewe ulikwenda na tumbo hilo," akasema, "mimi mwanaume nibaki?"

Akachukua chupa ya tatu, akaitia ndani ya shati, akafunga kifungo.

Nikasema moyoni, atakaporudi nitamwambia.

Saa nne tulisikia risasi. Tatu, halafu moja.

Saa nane Katekista Zakaria alipanda na kofia ya Deo mkononi. Tulimzika jioni hiyohiyo juu ya chemchemi, wanaume wanne wakichimba na mmoja akilinda, bila kengele, maana mpiga kengele ndiye tuliyemzika.

Neema alizaliwa kambini, nchi ya jirani, miezi mitatu baadaye. Alikuwa na miaka mitano tulipofika London. Mtaa wetu ni Edmonton, nyumba za kushikana ukuta, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwapa dawa, kuwachemshia mayai. Kiingereza changu ni cha kazi hiyo na hakivuki hapo. Neema yeye anafanya kazi mapokezi hospitalini; Kiswahili anakisikia chote, ila anakujibu Kiingereza. Kuhusu baba yake nilimwambia aliuawa vitani akitumikia kanisa, alipokwenda kuangalia pipa la divai la padiri. Si uongo, ni kipande. Na kwa kipande hicho nililea mtoto mpaka akawa mtu mzima.

Mwaka huu akaniuliza jina lililochomwa kwenye pipa. Nikamwambia, bila kufikiri. Dakika mbili tu, simu yake ikamletea kiwanda kizima: mashamba, wajukuu wa mzee, picha ya Padiri Renzo akiwa na ndevu nyeupe. Amekufa kwa uzee, kitandani kwake, Mungu amrehemu. Na kuna divai yao nyekundu, ya mwaloni, waliyoiita kwa neno la Kitaliano lenye maana ya mlinzi. Neema akanisomea maandishi ya nyuma ya chupa. Yanasema kwamba wakati wa vita mtumishi mwaminifu wa Kiafrika alitoa maisha yake akilinda pipa la familia, na halikupotea hata tone.

Mtumishi mwaminifu wa Kiafrika! Bila jina. Kilima chao kina jina, mapipa yana namba, hata mbwa wa kiwanda jina lake liko chini ya picha. Asiyekuwepo na lake halipo, kweli kabisa. Nilizunguka jikoni nikifungua makabati na kuyafunga.

Neema aliwaandikia. Alitaka kitu kimoja: jina la baba yake liandikwe kwenye chupa. Hana kaburi la kwenda, hana picha, angalau awe na jina lililochapwa mahali. Wakajibu kwa upole, wakatualika: wanakuja London kuonjesha divai zao, tukutane.

Tulichukua treni ya Overground hadi Liverpool Street, tukatembea hadi ukumbi karibu na mto. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu wenye viatu vizuri. Wanamimina kidogo, wanainusa, wanaizungusha mdomoni, halafu wanaitema ndooni. Nilisimama nikiitazama ile ndoo mpaka Neema akanivuta mkono.

Signora Chiara, mtoto wa kaka yake Padiri, alinikumbatia kabla sijamaliza kutaja jina. Alilia. Ni mwanamke mzuri, sina ugomvi na roho yake. Akanimiminia ile ya mlinzi, nikaonja. Ilikuwa kali na inakausha ulimi, na harufu yake niliijua, ikabidi nishike meza.

Neema alikuwa anatafsiri. Mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, na sauti yake ni ileile anayoitumia hospitalini. Nikataja jina: Deogratias. Signora akaliandika, akaniuliza kama herufi ni hizi. Akasema litachapwa mavuno yajayo, chini ya maneno yaleyale. Neema akanibana mkono kwa furaha. Tulikuwa tumemaliza. Ningenyamaza, tungekwenda nyumbani na ushindi.

Lakini Signora akaendelea. Akasema ami yake alifarijika sana uzeeni kujua kwamba Deogratias hakufa bure. Kwamba divai ilisalimika.

Hapo nikapandwa na hasira.

"Mwambie haikusalimika," nikamwambia Neema. "Pipa lilikuwa tupu. Wiki nzima kabla hajafa, lilikuwa tupu."

Neema akatafsiri. Signora akakunja uso, akauliza tumejuaje.

"Kwa sababu mimi niliona. Nilikwenda mwenyewe, na wewe tumboni. Nikarudi nikamwambia baba yako limejaa. Nilidanganya. Na Jumamosi alipofunga viatu sikumwambia."

Neema hakutafsiri. Alinitazama. Nyuma yetu mtu alitema ndooni.

"Sema," nikamwambia. "Sema yote."

Akasema yote. Hakuruka neno, Kiingereza cha kusikiliza ninacho. Aliposema "alidanganya" sauti haikutikisika, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Signora Chiara akanishika mkono. Halafu akasema, polepole ili nielewe, kwamba huenda hakuna haja ya kubadilisha maandishi. Jina ataliweka. Lakini hayo ya pipa tupu ni mazito kwa chupa, watu wanataka kunywa kitu kizuri, na kwa moyo wake hadithi bado ni ya kweli.

"Kwa moyo wa nani?" nikauliza. Neema hakutafsiri hilo, ila nadhani uso wangu ulitosha.

Nilimwambia hivi: mkiandika jina, andikeni na pipa tupu. Kama pipa tupu haliwezekani, basi na jina liacheni. Deo hakulinda divai yenu. Alikwenda kwa sababu aliambiwa aende, na kwa sababu mimi sikumwambia asiende. Sitaki jina lake lisimame juu ya uongo wa pili. Wa kwanza ulitosha kumuua.

Signora alilitazama lile jina kwenye karatasi yake muda mrefu. Akasema atazungumza na ndugu zake. Tangu siku hiyo hawajaandika. Nami ukimya naujua nikiusikia. Mtoto wangu alikwenda kule kutafuta jina la baba yake, mimi nikalitoa kwenye karatasi likiwa limekwisha andikwa. Sijui kama nilitenda haki au nilijitua mzigo tu, nikambebesha yeye.

Kwenye treni ya kurudi tulikaa tukiangaliana magoti. Tulipita vituo vitatu. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama baba alijua.

Ningeweza kusema hapana. Hakuna shahidi aliyebaki; Zakaria amekwisha kufa. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Alijua," nikamwambia. "Hawakumuua ghalani. Zakaria alimkuta juu ya chemchemi, kwenye kona ya njia, amekaribia msitu, uso umeelekea kwetu. Chupa ilikuwa ndani ya shati, nzima, haijafunguliwa. Kwa hiyo alifika. Aliligonga, akasikia. Akageuka kuja nyumbani."

Akawaza. Kutoka kwenye kona ile hadi kwenye mianzi ni mwendo wa dakika kumi, nikamweleza. Hapo askari walikuwa hawafiki. Walimwona kwa mbali, kutoka chini. Mtu akiharakisha kidogo tu, anaingia mitini.

"Alikuwa amekasirika?" akauliza.

Nikatazama nje. Hilo ndilo swali nililolikimbia tangu mlimani mpaka hapa, nchi tatu na bahari moja, na sasa limeketi mbele yangu na macho ya Deo.

"Baba yako hakuwa mtu wa kelele," nikasema. "Akikasirika, alikuwa anatembea polepole."